Mgeni Aliyekuja Kunitazama Nikifundisha

Tulimzika Mama Bahati huko Manassas, Marekani, siku ya mawingu mepesi, na baada ya maziko tukaingia katika ukumbi wa kanisa uliopakana na gereji za magari. Harufu ya rangi ya magari ilipenya ukutani ikachanganyika na ile ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, na wanawake wa kwaya walipita kati ya meza, viatu vya visigino wameshavivua, wakibeba masufuria polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji. Niliketi karibu na dirisha. Nimefika umri ambao mtu akikaa msibani huwaona waliopo na wasiokuwapo kwa pamoja, wala hashtuki. Kelvin akaja na sahani yake akaketi mbele yangu. Zamani alikuwa kijana Mkenya mwembamba aliyepeleka vifurushi milangoni mwa watu. Sasa ana kitambi, watoto wanaomjibu kwa Kiingereza, na magari yake mwenyewe ya kusafirisha mizigo. Alikula kidogo, halafu akasema, "Mwalimu, unakumbuka vile huyu mama alikuwa karibu akufutishe kazi?" Tukacheka, mpaka dada mmoja wa kwaya akatugeukia kwa macho makali. Kisha Kelvin akaweka uma chini akafunika uso kwa kiganja, nami nikatazama nje dirishani ili alie bila kutazamwa.

Sitasimulia hapa nilikozaliwa wala njia niliyopita kufika Marekani. Mungu anayajua hayo, na wanangu wameyasikia mpaka wamechoka. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, mwaka ninaouita wa ujana wangu, ingawa ulinikuta na mvi na miwani ya kusomea. Kabla ya mwaka huo nilifanya kazi Landover, katika ghala moja kubwa si mbali na uwanja wa mpira. Nilianza kwa kubeba, nikaendelea kwa kuendesha foklifti, lile gari dogo la kunyanyulia mizigo, na mwishowe nikawa msimamizi wa shehena zote zinazoingia na kutoka. Ilikuwa kazi njema. Iliwalisha watoto wangu na ikanipa bima ya matibabu, na sikuwahi kuidharau. Lakini ghala lina namna yake ya kumlaza mtu usingizi akiwa amesimama. Maboksi huja, maboksi huondoka; hujui nani alishona lile shati, hujui nani atalivaa. Katika miaka hiyo hiyo nilisoma shahada ya biashara, kisha ya pili, jioni kwa jioni, bila kujua nitazitumia wapi. Mke wangu alinitania kwamba ninakusanya shahada kama wengine wanavyokusanya vikombe vya kabatini ambavyo havinywewi chai. Ndipo siku moja chuo kimoja cha wilaya yetu kikahitaji mwalimu wa somo la misingi ya biashara kwa mkataba wa mwaka mmoja, nami nikaomba, nikakubaliwa, nikaogopa.

Mkuu wangu wa ghala, Mmarekani mmoja aliyeitwa Rick, alinitendea wema ambao hadi leo namwombea. Aliniambia, "Nenda ukafundishe mwaka wako. Kiti chako nitakiwekea. Lakini mwaka ukikaribia kwisha, lazima uniambie kama unarudi, maana ghala halisubiri mtu." Hivyo niliingia darasani nikiwa na mguu mmoja Landover. Kama chuo kingenipenda, kingeniajiri moja kwa moja. Kama hakingenipenda, ningerudi kwenye maboksi yangu. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi namna hiyo, na usiku nikilala lilikuwa zito.

Darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu, na madirisha yake yalitazama magharibi. Tulianza alasiri wakati watu wa zamu za mchana wameshatoka kazini, na katika miezi ya vuli jua liliingia chumbani likiwa limelala ubavu, likapita juu ya meza moja baada ya nyingine, likagusa mikono ya watu na chupa zao za maji, kisha likaondoka bila kuaga. Nje, taa za barabara kuu ya kwenda Baltimore ziliwaka taratibu. Nikifumba macho sasa nakiona chumba kile kama kinavyoonekana kitu kilichozama kwenye maji safi: ubao mweupe usiofutika vizuri, kifaa cha joto kilichokoroma chini ya dirisha, na nyuso za watu waliochoka wakijitahidi kuwa macho. Walikuwamo vijana wa hapa hapa, walikuwamo wa Salvador na Ethiopia, na karibu nusu nzima walikuwa watu wetu, Wakongo na Warundi na Wakenya wachache, walioambiana makanisani kwamba kuna mzee anafundisha biashara na ukikwama anakufafanulia kwa Kiswahili.

Mama Bahati ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alitoka Uvira, aliwahudumia wazee majumbani mwao huko Laurel, na Jumapili baada ya ibada aliuza mikate ya kukaangwa mlangoni mwa kanisa. Aliketi mstari wa mbele bado amevaa sare yake ya kazi, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Wiki za mwanzo hakusema neno. Kisha siku moja nilikuwa nafundisha juu ya gharama, nikauliza kama kuna anayefanya biashara, naye akainua uso.

"Miye iko nauza mikate, Mwalimu. Batu banasifu, banamaliza yote. Lakini mwaka unapita na miye niko palepale. Juu ya nini?"

Nikamwomba atutajie vinavyoingia katika mikate ile. Akataja unga, mafuta, sukari, hamira, mifuko. Nikaviandika ubaoni. Nikamuuliza ni nani anayekanda.

"Si miye?"

"Na nani anaamka alfajiri kukaanga?"

"Si miye tena?"

"Mbona hukujiandika ubaoni?"

Akanitazama. Akautazama ubao. Chumba kizima kilimtazama, hata wale wasiojua Kiswahili, kwa sababu uso wake ulikuwa unasema. Hatimaye akasema polepole, "Kumbe miye ndiye mutumishi wangu, na simulipi." Kelvin, aliyekaa nyuma yake, akanong'ona kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Mama, jiundie union ya wafanyakazi." Wakacheka wote, yeye wa kwanza. Jioni ile, nikisubiri treni, nilisimama jukwaani huku theluji ya kwanza ikianguka bila kelele. Nimehubiri miaka mingi. Nimewaona watu wakilia chini ya Neno, na sijalinganisha jambo lolote na hilo. Lakini kumwona mtu mzima akijiona mwenyewe mahali ambapo hakuwahi kujitafuta, nikiwa nimeshika kalamu ya ubao tu, kulinipa shukrani ya namna ambayo sikuwa na sala yake tayari. Nilimwambia Mungu, "Bwana, hii ni nini?" Treni ikaja.

Miezi ya baridi ilipita hivyo, kama ndoto ndefu yenye vipindi. Majira ya kuchipua yalipokaribia, nikapata taarifa kwamba mkuu wa idara angekuja kuketi darasani kwangu anitazame nikifundisha, kisha aandike ripoti. Kwa ripoti hiyo chuo kingeamua kama nibaki. Aliitwa Dokta Whitfield, mwanamke Mweusi wa hapa hapa Washington, mpole na mwangalifu, ambaye katika ujana wake alijifunza Kiswahili kwa kuvipenda vitu vya Afrika, akakishika kwa adabu kubwa. Wiki ileile Rick akanipigia simu: alihitaji jibu ifikapo Ijumaa. Dokta Whitfield angekuja Jumanne. Nikaona mkono wa Mungu katika mpangilio huo. Ningetazamwa Jumanne, ningejua moyo wa chuo, na Ijumaa ningejibu kama mtu mwenye akili.

Nikawaambia wanafunzi, ili wasishtuke, kwamba kuna mgeni anakuja. Hapo ndipo nilipopanda mbegu bila kujua.

"Anakuja kutafuta nini?" Mama Bahati akauliza.

"Anakuja kunitazama mimi, kama nafaa kubaki hapa."

"Kukuangalia weye? Na atauliza nani?"

"Haulizi mtu, mama. Anaketi na kutazama tu."

Alikunja midomo. Baadaye ndipo nilipoelewa alichosikia. Kwetu, wageni wakija nyumbani kumtazama mtoto wanayetaka kumposa, mtoto hajisifu mwenyewe. Hiyo ni aibu. Nyumba ndiyo husema kwa niaba yake. Nyumba hufagiliwa, chakula hupikwa, msemaji huteuliwa, na mgeni halisemi neno lake kabla hajala. Mimi, mzee wa kanisa niliyeketi katika vikao vya posa zaidi ya ninavyoweza kukumbuka, sikuona hata kidogo kwamba nilikuwa nimeitisha kimoja.

Jumanne ile nilifika na somo langu la bei, picha zikiwa tayari kwenye kompyuta. Nikafungua mlango, harufu ikanipokea kabla ya macho. Ndagala. Wale samaki wadogo wakavu wa ziwa letu la upande wa Uvira, waliokaangwa na nyanya na pilipili, harufu yao ikiwa imetoka mpaka kwenye korido, na pembeni yake sambusa, mikate ya Mama Bahati, na birika kubwa la chai ya tangawizi. Meza zilikuwa zimefunikwa vitenge. Wanawake walivaa kama wa Jumapili. Kelvin alivaa tai. Wale vijana wa Salvador walikuwa wamekwisha kushika sahani, na nyuso zao zilionyesha kwamba ukaguzi ni jambo zuri sana.

"Mama Bahati," nikasema, "ni nini hii?"

"Weye kaa tu, Mwalimu. Leo si yako ya kusema."

Kabla sijajibu, mlango ukagongwa, na sauti ya upole ikasema, "Hodi?"

Laiti angesema kwa Kiingereza! Pengine yote yangegeuka. Lakini alisema hodi, na nyumba ikaitikia kwa sauti moja, "Karibu!" Akaketishwa kwenye kiti kilichotandikwa kitenge, sahani ikawekwa juu ya karatasi zake. Alinitazama mara moja, nami nikaangalia sakafu. Alipokwisha kula, na alikula vizuri, Mama Bahati akasimama. Akaacha maneno ya Uvira, akachukua Kiswahili cha madhabahuni.

"Mgeni wetu, tunakushukuru kwa kufika salama. Tumesikia kwamba umekuja kumtazama mtoto wetu. Mtoto ndiye huyu."

Mtoto alikuwa na mvi kichwa kizima, amesimama mbele ya mwanga wa kifaa cha picha, na mchoro wa bei ukiwa umemwangukia usoni.

"Ni kweli," Dokta Whitfield akasema, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Nimekuja kumtazama."

"Basi tuulize sisi. Mtoto huyu hachelewi. Hatukani. Mtu akilala darasani anamwacha alale kidogo, ndipo anamwamsha kwa jina. Mimi nilikuwa sijihesabu, amenifundisha kujihesabu. Sasa na sisi tunauliza nyumba yako: mkimchukua, mtamtunza namna gani?"

"Na sisi wajomba tuko na masharti," Kelvin akadakia. "Apewe ofisi yenye dirisha. Na parking."

"Wewe mjomba wa wapi?" binti mmoja Mrundi akamuuliza. "Umezaliwa juzi."

"Ujomba si umri, ni cheo."

Kicheko kikajaa chumba, na Dokta Whitfield naye akacheka mpaka akafuta macho. Akasema yeye hakuja kuoa, ana mume tayari. Mama Bahati akasema kila nyumba huanza kwa kukataa. Na maneno yakaendelea, ya adabu na ya utani, wakitafsiriana kwa wale wasioelewa, na jua likapita juu ya meza moja baada ya nyingine. Nilijaribu kuanza somo. Nikaambiwa nikae. Nilijaribu tena, nikapewa chai. Kuna saa ambazo mtu huziona zikipita kwa uzuri wote na kumpotezea kila kitu, na hawezi kuzichukia.

Dokta Whitfield alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Pale hakucheka tena. "Mwalimu," akaniambia, "nimekula chakula kitamu kuliko vyote mwaka huu. Lakini karatasi yangu inauliza jinsi unavyofundisha, na mimi sikuona ukifundisha. Siwezi kuandika nisichokiona. Nitarudi Jumanne ijayo. Hiyo itakuwa mara ya mwisho." Nikamshukuru. Jumanne ijayo ilikuwa baada ya Ijumaa.

Niliporudi ndani walikuwa wanakunja vitenge kwa furaha. Mama Bahati akaniangalia usoni, mikono yake ikasimama.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Hakuona ninavyofundisha."

Akakaa chini. "Mwalimu. Nimekuharibia?"

Ningeweza kusema hapana, kwa upole, tukaenda nyumbani. Wala sikuwa na hasira. Ni nani mwingine duniani aliyewahi kunipikia ili nisifukuzwe? Lakini niliona machozi yakimkaribia, na sikutaka abebe jambo lile mpaka Laurel bila kulielewa. Nikauliza darasa, "Leo tulikuwa tunauza nini?" Kelvin akasema, "Tulikuwa tunakuuza wewe." Nikauliza, "Mnunuzi aliondoka na nini?" Mtu akasema sambusa, mwingine akamwambia anyamaze. Na hapo, huku sahani chafu zikiwa juu ya meza, wakaanza kulichambua lile soko letu lililoanguka: nani alizungumza sana, nani hakumsikiliza mnunuzi alipoeleza alichokuja kutafuta, kwa nini mtu anaweza kushiba ukarimu wako na bado asinunue. Mwisho Mama Bahati akasema, "Tulimuonyesha nyumba. Mutoto mwenyewe tulimukalisha." Akaifuta meza yake kwa kitambaa, taratibu. "Hata mikate, batu banaionja kwanza, kisha banaisifu." Lilikuwa somo bora kuliko yote niliyofundisha mwaka ule, na hakuna mtu aliyekuwapo kuliandika. Nilitembea kwenda stesheni nikiwa mwepesi, na niliona ajabu wepesi ule, kwa sababu kwa hesabu yoyote ya biashara nilikuwa nimepoteza.

Siku zilizofuata nilifunga na kuomba. Sikusikia sauti. Nimesoma dini vya kutosha kujua kwamba mara nyingi Mungu hutuheshimu kwa kunyamaza. Ila kila nilipopiga magoti nilirudishwa katika chumba kile chenye sahani chafu, na kila nilipojaribu kuliona ghala, niliona maboksi tu. Mke wangu alikuwa anachambua maharage mezani. Nikamwambia nilichotaka kufanya. Alichambua kidogo zaidi, kisha akasema, "Na wakikukataa hiyo Jumanne?" Nikasema sijui. "Basi angalau usiniambie kwamba Mungu amekuhakikishia," akasema, "maana nitamuuliza." Ijumaa asubuhi nilimpigia Rick nikamwambia ampe mtu mwingine kiti changu. Akaniuliza kama nimeshaajiriwa kule. Nikamwambia bado. Nilisikia mlio wa foklifti ikirudi nyuma, mlio ninaoujua kama pumzi yangu, kisha akanitakia heri.

Jumanne ikafika. Hapakuwa na harufu ya kitu. Dokta Whitfield aliingia kimya akaketi mstari wa nyuma. Nikaanza somo, ambalo kwa mpango wa kozi lilikuwa juu ya kujitosa: ni lini mfanyabiashara aache cha uhakika kwa ajili ya asichokuwa nacho bado. Nikauliza swali la kwanza. Hakuna aliyejibu. Nikauliza la pili. Wote walikaa wima, mikono juu ya meza, macho mbele, na nikagundua, kwa kumwangalia Mama Bahati aliyekuwa amebana midomo yake kwa nguvu zote, kwamba alikuwa amewaagiza wasifungue kinywa. Walikuwa wananipa nafasi nionekane. Walikuwa wananiua kwa adabu. Kalamu ya Dokta Whitfield ilikuwa haijagusa karatasi.

Nikafunga kompyuta. Nikavuta kiti nikaketi katikati yao. Nikasema, "Nitawapa mfano. Mimi mwenyewe. Ijumaa nimeiacha kazi yangu ya Landover."

Midomo ya Mama Bahati ikafunguka. "Umeacha nini?"

"Kazi yangu. Walikuwa wameniwekea mpaka Ijumaa."

"Na hapa bamekuchukua?"

"Bado."

"Mwalimu!" Akasimama, mkoba ukaanguka. "Mutu anaachilia tawi moja kabla ya kushika ingine? Hiyo ni biashara gani? Mama wa nyumba yako anajua?"

"Anajua."

"Mimi naona amefanya poa," Kelvin akasema. "Ukikaa na plan B, plan A inakuwa hobby."

"Wewe huna watoto," yule binti Mrundi akamkatiza. "Funga mdomo." Kijana wa Salvador akauliza kwa Kiingereza tunagombania nini, alipoelezwa, akasema baba yake alifanya hivyohivyo na walikula maharage mwaka mzima, na bado anaona baba yake hakukosea. Basi moto ukawaka. Walibishana juu ya akiba na imani, juu ya kazi inayokulisha na kazi inayokuamsha, juu ya lini ujasiri ni ujasiri na lini ni ujinga uliovaa suti. Nilikuwa nauliza tu, nikitoa neno hapa na pale, nikirudisha mmoja kwa mwenzake. Kule nyuma nilisikia kalamu ikikimbia juu ya karatasi bila kupumzika. Jibu la chuo lilikuja wiki kadhaa baadaye, nalo lilikuwa jema, nikamshukuru Mungu na kumpeleka mke wangu kula samaki. Lakini si jibu hilo ninalolikumbuka nikiuota mwaka ule. Nakumbuka kalamu ilivyonyamaza ghafla. Nilipogeuka, Dokta Whitfield alikuwa ameiweka chini na ameinua mkono wake, kama mwanafunzi.

"Uliza, mama," nikasema.

"Mwalimu," akasema kwa kile Kiswahili chake cha uangalifu, "na mnunuzi akikataa?"

Nilitafuta jibu ndani yangu, na nikaona kwamba sina, na kwamba siogopi kutokuwa nalo. Nikamwambia sijui. Kisha nikaligeukia darasa, nikauliza ni nani atakayemsaidia mama huyu. Mikono ikainuka, mingi mno, hata ya watu ambao sikuwahi kuisikia sauti yao tangu vuli, nami nikaanza na yule aliyekaa mbali kabisa, karibu na mlango.